Dawa za MS Nyanda za Juu Kusini: ipi inavumilia dozi kuchelewa?

Orodha nyingi za dawa za MS hupangwa kwa nguvu: ipi inazuia mashambulizi mengi, ipi machache. Kwa mtu anayeishi Tukuyu, Mafinga au Ludewa, mimi ningepanga kwa swali jingine: dozi ikichelewa mwezi mmoja au miwili, mwili utafanya nini? Huku kwetu kuchelewa si jambo la kufikirika. Kibali cha bima hukwama, famasia huambiwa mzigo bado uko Dar, nauli hukosekana mpaka viazi viuzwe. Kuna dawa zinazovumilia hayo, na kuna dawa ambazo ukizikosa ghafla ugonjwa hurudi kwa kishindo, pengine kuliko ulivyokuwa kabla hujaanza tiba.

MS, kirefu chake maltipo sklerosisi, ni ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia mielini, ganda la mafuta linalofunika nyuzi za fahamu kwenye ubongo, uti wa mgongo na mshipa wa jicho. Ganda likiliwa, ujumbe wa ubongo hupita kwa kusuasua, kama umeme kwenye waya uliotafunwa na panya. Ndiyo maana dalili hazifanani kwa watu wawili. Mmoja jicho linaingia ukungu na kuuma kila akilizungusha, mwingine ganzi inapanda kutoka nyayo hadi kifuani, mwingine mguu unaanza kuburuta au mkojo unambana ghafla asifike chooni. Uchovu wake nao ni wa aina yake: mtu anaamka amechoka, na ndugu wanamwita mvivu.

Duniani wanaoishi na MS ni kama milioni 2.9. Wengi hugundulika kati ya miaka 20 na 40, na wanawake ni zaidi ya mara mbili ya wanaume. Hauambukizi. Utafiti wa 2022 uliopitia kumbukumbu za wanajeshi zaidi ya milioni 10 wa Marekani ulionyesha kwamba kuambukizwa kirusi cha Epstein-Barr huongeza uwezekano wa kupata MS mara 32. Lakini kirusi hicho karibu kila mtu mzima anacho, kwa hiyo kuna mengine yanayochangia: urithi, sigara, upungufu wa vitamini D.

Watu kama 85 katika kila 100 huanza na aina ya kupanda na kushuka, yaani shambulio la siku au wiki kadhaa, kisha nafuu. Waliobaki huanza na aina inayozidi polepole bila nafuu yoyote. Hizi mbili hazitibiwi sawa, na sehemu kubwa ya ulinganisho huu inahusu ile ya kwanza.

Kwanza, je, ni MS kweli?

Kwetu MS ni nadra, na magonjwa yanayofanana nayo si nadra. Utafiti wa kitaifa wa 2022–2023 uliweka maambukizi ya VVU kwa watu wazima kuwa asilimia 12.7 Njombe, 11.1 Iringa na 9.6 Mbeya, wakati wastani wa nchi ni 4.4. VVU vyenyewe vinaweza kuharibu uti wa mgongo. Kaswende iliyokaa miaka, TB ya pingili za mgongo, kichocho kilichopanda kwenye uti wa mgongo na upungufu wa vitamini B12, vyote huleta ganzi na miguu mizito. Tegu wa nguruwe, anayefahamika vizuri kwa wafugaji wa Mbozi, huacha malengelenge ndani ya ubongo yanayoonekana kwenye picha, ingawa hayo zaidi huleta kifafa.

Kwa hiyo vipimo hivyo vya bei ndogo visirukwe kwa sababu tu MRI, picha ya ubongo na uti wa mgongo, imeonyesha madoa. Madoa peke yake hayatoshi. Daktari anatafuta uthibitisho kwamba madhara yametokea sehemu tofauti za mfumo wa fahamu na kwa nyakati tofauti, na mara nyingine huomba maji ya uti wa mgongo ili kukamilisha ushahidi.

Mfanano wa hatari kuliko wote ni ugonjwa unaoitwa NMO. Nao hushambulia macho na uti wa mgongo, lakini kwa ukali zaidi: macho yote mawili kwa mkupuo, doa refu kwenye uti wa mgongo, au kwikwi na kutapika kusikokoma kwa siku nyingi. Tangu 2004 kuna kipimo cha damu cha kingamwili yake, AQP4. Watu wenye asili ya Afrika huupata zaidi kuliko Wazungu, kwa hiyo huku si jambo la pembeni. Na hapa uchaguzi wa dawa unakuwa mkali, maana intaferoni, fingolimodi na natalizumabu, dawa tatu halali kabisa za MS, humzidishia ugonjwa mtu mwenye NMO. Rituksimabu, dawa ya dripu nitakayoieleza chini, inayatibu yote mawili. Kama kipimo cha AQP4 hakijafanyika au majibu yanasubiriwa kutoka mbali, hoja hii peke yake inatosha kuipa rituksimabu nafasi ya mbele.

Steroidi na dawa ya muda mrefu: hazifanyi kazi moja

Mgonjwa analetwa hospitali hawezi kusimama. Anachomwa methiliprednisoloni, steroidi ya kutuliza uvimbe, gramu moja kwa siku, siku tatu hadi tano, na baada ya wiki mbili anatembea. Familia inaamini dawa imepatikana. Kumbe steroidi imefupisha shambulio tu. Haizuii linalofuata, na haibadilishi mgonjwa atakavyokuwa miaka kumi ijayo.

Tena aina hii ya MS hupungua yenyewe hata bila dawa, na ugonjwa unaopungua wenyewe humpa sifa yeyote aliyekuwa karibu siku hiyo: mganga, mchungaji, muuza virutubisho, hata daktari mwenye dripu. Mwaka 2011 watu waliondoka Mbeya na Iringa kwenda kunywa kikombe cha Loliondo, na mwenye MS aliyekwenda wakati shambulio linaisha lazima alirudi na ushuhuda mzuri. Shambulio la pili ndilo huumbua, na kila shambulio linaweza kuacha kovu. Ukitaka kujua kama tiba inafanya kazi, usiangalie ulivyopona safari hii. Angalia mwaka mzima umepita na mashambulizi mangapi, na kama MRI ya mwaka huu ina doa jipya.

Kuhusu kununua prednisoloni vidonge dukani kila jicho linapoingia ukungu, nasema wazi: usifanye. Jaribio kubwa la Marekani lililotolewa 1992, kwa wagonjwa waliovimba mshipa wa jicho, liligundua kwamba steroidi ya mshipani huharakisha kuona tena, ila vidonge vya dozi ya kawaida vilifanya ugonjwa urudie zaidi kuliko kwa wasiopewa kitu. Vidonge vya dozi kubwa sana chini ya daktari ni habari nyingine; hivyo hufanya kazi sawa na dripu. Kabla ya dozi kubwa pima sukari, TB na mkojo, na utibiwe minyoo, kwa sababu steroidi huamsha TB iliyolala na kuna mnyoo mmoja, strongiloidi, ambao kinga ikishuka husambaa mwilini na kuua.

Jambo jingine: homa ya malaria au UTI huweza kurudisha dalili za zamani kwa siku chache bila shambulio jipya. Huyo hahitaji steroidi. Anahitaji kutibiwa malaria au UTI.

Sindano za nyumbani na dripu ya miezi sita

Huu ndio ulinganisho mkubwa, na nitakaa nao zaidi.

Upande mmoja kuna dawa kongwe za kujichoma: intaferoni beta, iliyoidhinishwa Marekani 1993, na glatirama ya 1996. Zote hupunguza mashambulizi kwa kama theluthi moja. Sifa yao ni usalama wa miaka mingi. Hazishushi kinga kwa kiwango cha kuamsha TB, na ukikosa dozi kadhaa ugonjwa haurudi kwa kishindo. Intaferoni huleta homa na maumivu ya mwili kama mafua usiku wa sindano, kwa hiyo wengi huchoma wakati wa kulala baada ya parasetamol, na ini hupimwa kila baada ya muda. Glatirama haina homa hiyo. Ina uvimbe na mashimo madogo chini ya ngozi, ndiyo maana hubadilishwa sehemu: paja, tumbo, mkono, kiuno. Huchomwa kila siku miligramu 20, au mara tatu kwa wiki miligramu 40.

Watu huogopa habari ya friji. Kweli glatirama huhifadhiwa kati ya nyuzi 2 na 8, lakini inakubali kukaa nje ya friji hadi mwezi mmoja ikiwa chumba hakizidi nyuzi 30. Njombe au Makete, LUKU ikiisha usiku, hakuna kitakachoharibika. Kyela na Usangu wakati wa joto ni hesabu nyingine. Kinachoharibu sindano nyingi zaidi huku kwenye baridi ni kuisukuma mpaka ikagusa ukuta wa barafu wa friji: ikiganda ni ya kutupa, hata ikiyeyuka ikaonekana safi.

Upande wa pili kuna rituksimabu. Ni dawa ya siku nyingi ya saratani ya matezi, kwa hiyo vitengo vya saratani vinaifahamu. Kampuni yake haikuwahi kuiandikisha kwa ajili ya MS, lakini Sweden imeitumia kwa maelfu ya wagonjwa, na jaribio la huko lililotolewa 2022 liliilinganisha na vidonge vya dimethili fumarati: kwa miaka miwili, waliopata shambulio walikuwa asilimia 3 kwa rituksimabu na asilimia 16 kwa vidonge. Julai 2023 Shirika la Afya Duniani liliiingiza pamoja na glatirama na kladribini kwenye orodha ya dawa muhimu kwa ajili ya MS. Barua ya kuomba kibali cha bima ikitaja jambo hilo, inakuwa na uzito zaidi kuliko maelezo ya kurasa tatu.

Inatolewa kwa dripu, kwa kawaida kila miezi sita. Siku yenyewe inakwenda hivi: unawekewa kanula, unapewa parasetamol, piritoni na sindano ya steroidi, kisha baada ya nusu saa dripu inaanza polepole. Nesi anapima presha mara kwa mara na kuongeza kasi kidogo kidogo. Dripu ya kwanza hula saa nne hadi sita, basi nenda umekula na ubebe shuka. Koo likianza kuwasha au kifua kubana, sema hapo hapo, "Sista, koo linawasha." Usisubiri kuona kama litaacha. Mara nyingi husimamishwa kwanza, kisha ikaendelea taratibu.

Hatari yake kubwa kwetu ni homa ya ini B. Virusi vilivyolala huweza kuamka na kuharibu ini, kwa hiyo kipimo cha homa ya ini B ni cha lazima kabla ya dripu ya kwanza, sawa na VVU na TB. Chanjo zinazohitajika zichomwe kabla, kwa sababu baada ya hapo mwili huzipokea kwa udhaifu. Miaka ikienda, maambukizi ya kifua na mkojo yanaweza kuongezeka, na daktari atapima kiwango cha kingamwili kwenye damu.

Sasa lile swali langu. Dripu ikichelewa miezi miwili, seli B, chembe za kinga ambazo rituksimabu iliziondoa, bado hazijarudi kwa wingi, na kwa wagonjwa wengi kinga dhidi ya mashambulizi inaendelea. Hakuna friji nyumbani, hakuna sindano za kuficha wageni wasione, na safari ni mbili kwa mwaka. Kwa mwenye MS ya kupanda na kushuka, asiye na homa ya ini B, mimi naiona ndiyo ya kuulizia kwanza kutoka Tunduma hadi Iringa. Okrelizumabu ni ndugu yake, hufanya kazi kwa njia ileile na ilisajiliwa rasmi kwa MS 2017, ila bei yake iko mbali na mifuko yetu. Rituksimabu za viwanda vingine, zinazofanana na ile ya awali, ni nafuu zaidi.

Vidonge, na mbili za kuogopa

Kladribini ina mpango wa ajabu: vidonge vya siku nne au tano, vingine mwezi unaofuata, kisha unakaa hadi mwaka wa pili unarudia hivyo hivyo, basi. Mashambulizi hupungua zaidi ya nusu, na ulinzi huendelea miaka baada ya kumaliza. Kwa swali la kuchelewa, hakuna inayoifikia. Lakini mwenye VVU au TB hai haruhusiwi kabisa, TB iliyolala hutibiwa kwanza, na mkanda wa jeshi hujitokeza kwa baadhi ya watumiaji. Mimba ni marufuku hadi miezi sita baada ya dozi ya mwisho, na hilo linamhusu mwanamume pia.

Teriflunomidi na dimethili fumarati ni vidonge vya kila siku vya nguvu ya kati. Teriflunomidi huharibu mimba na hubaki mwilini muda mrefu, hadi miaka miwili, isipokuwa ukipewa dawa ya kuisafisha. Binti asiyepanga uzazi vizuri asiianze.

Fingolimodi na natalizumabu ni zile nilizosema za kishindo. Ukikatisha, ndani ya wiki au miezi michache mashambulizi huweza kurudi makali. Natalizumabu inatolewa kila wiki nne na inahitaji kufuatilia kirusi cha JC, ambacho huweza kuua ubongo. Fingolimodi inahitaji kukaa hospitali saa sita dozi ya kwanza, mapigo ya moyo yakiangaliwa. Ulaya ni dawa nzuri. Hapa, mpaka ugavi uwe wa uhakika mwezi hadi mwezi, nisingemshauri ndugu yangu azianze, hata akiletewa na jamaa aliyeko nje kwenye begi. Begi la pili litakuja lini?

Nani achague nini

Mwalimu wa Mafinga mwenye miaka 29, shambulio moja jepesi, anataka mtoto mwaka huu: glatirama inamfaa, kwa kuwa inaweza kuendelea wakati wa mimba na kunyonyesha. Mashambulizi hupungua sana miezi mitatu ya mwisho ya ujauzito, halafu huongezeka miezi mitatu baada ya kujifungua, kwa hiyo likizo ya uzazi ndiyo kipindi cha kumpa msaada wa nyumbani, si baadaye. Njia nyingine ni dripu ya rituksimabu kabla, asubiri miezi kadhaa, kisha abebe mimba akiwa bado analindwa.

Kijana wa mpunga Usangu, mashambulizi mawili ndani ya mwaka na mguu haujarudi sawa: asianzie kwenye dawa laini eti apande ngazi. Wataalamu wengi siku hizi huanza na yenye nguvu mapema, na kwake hiyo ni rituksimabu. Joto la bondeni litamfanya azidiwe mchana, macho yazime na miguu ilegee, kisha arudi sawa akipoa. Hilo si shambulio. Kazi ya shamba aifanye alfajiri, na maji ya moto ya kuoga ayaache.

Mzee wa Rungwe mwenye miaka 52, miguu inakakamaa polepole mwaka wa nne bila nafuu: hiyo ni aina inayozidi. Okrelizumabu ndiyo pekee iliyoidhinishwa kwa aina hiyo, na faida yake ni ndogo. Katika jaribio lake, waliozidi kulemaa walikuwa asilimia 32.9 dhidi ya 39.3 ya wasiopewa. Familia isiuze shamba la chai kwa ajili ya tofauti hiyo. Baklofeni ya kulegeza misuli, fiziotherapia ya kila wiki, fimbo iliyopimwa urefu wake, na matibabu ya kibofu vitambadilishia siku zake zaidi.

Mbeya, Dodoma au Dar

Uchunguzi wa mwanzo na vipimo vya damu anzia Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya au ya mkoa wa Iringa, upate barua ya rufaa. Kwa mtu wa Iringa, Benjamin Mkapa ya Dodoma iko kama kilomita 260 kwa lami, karibu nusu ya safari ya Dar. Kwa mtu wa Mbeya, Muhimbili na MOI, taasisi ya mifupa na mishipa ya fahamu, za Dar ziko zaidi ya kilomita 800, na basi hula kutwa nzima. Anayebanwa na mkojo ajue kwamba kwenye mlima Kitonga malori yakifungana hakuna pa kuchimba dawa kwa heshima. Avae nepi ya watu wazima, akae kiti cha njiani, amwambie konda mapema. Asiache kunywa maji, kwa sababu UTI itamsumbua kuliko aibu. Mwenye uwezo apande ndege Songwe, na aombe kiti cha magurudumu wakati wa kukata tiketi.

MRI iombwe kwenye CD, si karatasi ya majibu tu, maana daktari wa pili atataka kuona madoa kwa macho yake. Majibu ya homa ya ini B, VVU na TB yatoke kabla hujapanda basi. Ukifika bila hayo, dripu haitaanza siku hiyo, na gharama ya kulala Dar inahesabika kwa usiku.